Mto unanyamazisha nini?

Anayekoroma hajisikii, anayekesha ni yule wa pembeni. Ndiyo maana mara nyingi mto mpya wa kulalia, ule unaouzwa kama tiba ya kukoroma, hununuliwa na asiyekoroma. Yeye anataka kelele iishe, basi. Kwa lengo hilo, mto si upuuzi hata kidogo.

Mtu akilala chali, ulimi na kaakaa laini huangukia nyuma, kuelekea kooni, na misuli ya koo imekwishalegea kwa usingizi. Hewa inajipenyeza kwa shida, nyama laini zinatetema, kilimi nacho kinapepea: huko ndiko kukoroma. Sasa mwongezee mito miwili minene. Kidevu kinashuka kifuani, shingo inakunjika na njia ya hewa inazidi kubanwa. Aliyefundishwa huduma ya kwanza anajua kinyume chake: mtu aliyepoteza fahamu hulazwa kichwa nyuma, kidevu juu, ili koo lifunguke. Wangapi wanarundika mito wakidhani wanajisaidia!

Watetezi wa mto wana hoja nzito kuliko kelele kuisha tu. Apnea ya usingizi inayotokana na koo kuziba humkata mtu pumzi kwa sekunde 10 au zaidi, tena na tena, usiku kucha. Zaidi ya nusu ya wenye tatizo hili hukatika pumzi angalau maradufu wakilala chali kuliko wakilala ubavu. Kwa watu hao, mto unaomfanya mtu abaki ubavuni, wenye kimo cha kuziba pengo kati ya bega na sikio, unagusa chanzo chenyewe. Mto wa kabari nao una mantiki yake, kwa kuwa huinua kifua na kichwa kwa pamoja bila kuikunja shingo.

Tatizo ni kwamba aliyelala hapokei maagizo. Wapo walioshona mpira wa tenisi mgongoni mwa nguo ya kulalia ili wasigeuke chali. Mbinu ilifanya kazi, lakini wengi waliiacha baada ya muda kwa sababu ya karaha yake. Mto ni mpole zaidi, na upole huo ndio udhaifu wake: ifikapo saa tisa usiku mwili umekwishageuka, na mto uko huko ukutani.

Halafu kuna hesabu. Madaktari huhesabu mara ambazo pumzi hukatika au kufifia kwa saa: 5 hadi 14 ni hafifu, 15 hadi 29 ni wastani, 30 na kuendelea ni kali. Tuseme mto umekushusha kutoka 40 hadi 20. Kelele imepungua, mwenzako analala, nyumba ina amani. Wewe bado oksijeni inashuka usiku, moyo unashtuliwa kila baada ya dakika chache, shinikizo la damu linapanda, na mchana unasinzia kwenye usukani. Hapo mto umezima king'ora na moto unaendelea kuwaka. Ndiyo maana neno “tiba” kwenye lebo ya mto hunikera.

Mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa, ambayo daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, waliieleza mwaka 1981, hushikilia koo wazi kwa shinikizo la hewa, ulale chali au ubavu. Kwa nguvu, mto haufui dafu mbele yake. Ila tuwe wakweli: wengi huichoka barakoa, na mashine iliyofungiwa kabatini haimfungui mtu koo. Kwa mwenye apnea hafifu inayomjia akilala chali tu, naona mto anaoutumia kila usiku una nafasi halali, mradi apimwe tena akiwa anaulalia. Kwa mwenye apnea kali, mto ubaki kuwa wa kustarehesha shingo.

Na asiyejua yuko upande gani? Aanze kwa kurekodi usiku mmoja kwa simu. Simu haipimi oksijeni, lakini inanasa mpangilio: mkoromo mkubwa, kimya cha ghafla, kisha mkurupuko wa mtu anayetweta. Kimya hicho kikisikika, aende kupimwa kabla ya kununua mto wowote. Aliyekwishanunua arekodi tena akiwa juu ya mto huo, na masikio yake yafuate vile vipindi vya kimya, si ukubwa wa sauti.