Chumvi ya kulungu: kama hujaweka, acha hivyo hivyo

Theluji ikishaanza kuyeyuka, maduka ya vifaa vya uwindaji kaskazini mwa Marekani hupanga karibu na mlango mifuko ya madini na mawe ya chumvi ya kuwawekea kulungu wa porini walambe. Kwenye mfuko kuna picha ya dume mwenye pembe ambazo wengi wetu tutaishia kuziona kwenye mifuko tu. Bei si ya kutisha na kazi yenyewe haichukui hata saa: unabeba, unamwaga chini ya mti, unafunga kamera inayojipiga picha mnyama akipita, unarudi nyumbani. Ndiyo maana kila mwaka hakosi mtu wa kuniuliza aiweke wapi. Siku hizi jibu langu ni moja: usiweke. Hata kama sheria ya kaunti yako inakuruhusu. Na hasa kama CWD (chronic wasting disease), ugonjwa wa kulungu usio na dawa, bado haujaonekana kwenu.

Tuseme haki kwanza. Kulungu anaitaka chumvi kweli. Majani mabichi ya majira ya machipuko yamejaa maji na potasiamu, na figo zinapohangaika kuitoa potasiamu ile, sodiamu nayo inapotea. Jike mwenye mimba au anayenyonyesha ana haja kubwa zaidi. Kwa hiyo kuanzia majani yanapochipua hadi katikati ya kiangazi utawaona wakilamba udongo, kingo za vijito, hata kando ya barabara iliyomwagiwa chumvi wakati wa barafu. Hii ni tabia ya kale. Kentucky kuna mahali panaitwa Big Bone Lick ambako mifupa ya mamothi na mastodoni ilifukuliwa. Wanyama wakubwa wa enzi ya barafu walikuwa wakifuata chumvi palepale. Wanyama hawakungoja maduka.

Lakini mfuko hauuzwi kwa ajili ya sodiamu. Unauzwa kwa ajili ya pembe. Pembe ya kulungu ni mfupa unaoota upya kila mwaka, kwa kasi ambayo si rahisi kuikuta kwingine kwenye mwili wa mnyama anyonyeshaye, na madini yake makubwa ni kalisi na fosforasi. Mahitaji yakizidi chakula, mwili unakopa kutoka kwenye mifupa mingine, mbavu zikiwemo, kisha unalipa baadaye. Ukisikia hivyo, unaona mantiki ya kumwekea dume kalisi mlangoni. Tatizo ni kwamba kulungu wa porini kwenye ardhi yenye rutuba ya wastani tayari anaipata kwenye majani, na ushahidi kwamba jiwe la kulamba linamwongezea pembe ni hafifu mno. Kinachokuza pembe ni umri, lishe ya mwaka mzima na nasaba. Soma kibandiko cha mfuko: mara nyingi kitu cha kwanza ni chumvi, na hiyo ndiyo inayomleta. Mengine yanasindikiza. Ukitaka dume mwenye pembe nzito, mwache afike miaka 4 au 5. Hilo halina gharama, ila linahitaji kumwacha dume wa mwaka mmoja na nusu apite mbele yako bila kumfyatulia, jambo ambalo mfuko wa madini haukudai.

Kwa hiyo jiwe tunaliweka kwa faida ya nani? Kwa kamera. Tunataka picha za Julai, tunataka kujua ni madume gani yapo, tunataka kuwapa majina na kuwatumia wenzetu kwenye simu. Sina ubaya na hilo, nami nazipenda picha hizo. Ila tusiseme tunawasaidia kulungu.

Chutama siku moja mbele ya sehemu ya kulambia iliyotumika miaka kadhaa. Jiwe lenyewe huenda limekwisha zamani, lakini wanyama bado wanakuja, maana mvua imeishusha chumvi kwenye udongo. Pana shimo, pengine la kufika magotini, limechimbwa kwa ulimi, meno na kwato. Mizizi ya mti imebaki wazi, imelainishwa na kulambwa hata inang'aa. Chini kuna tope la kijivu lenye nyayo juu ya nyayo, na vijimaji vilivyotuama vyenye rangi ya chai. Kinyesi kimekanyagwa humohumo. Kulungu akija anaingiza pua yote, anatafuna udongo, anadondosha mate, anaondoka. Saa moja baadaye anakuja mwingine wa kundi lingine kabisa na kuingiza pua palepale. Hawa wawili hawajawahi kukutana uso kwa uso, lakini wameshabadilishana mate, mkojo na kinyesi.

Sasa weka CWD kwenye shimo hilo. Huu ni ule ugonjwa wa kulungu kukonda, kulegea, kudondosha udenda na hatimaye kufa. Ulionekana kwanza mwaka 1967 kwa kulungu waliofugwa kwenye kituo cha utafiti huko Fort Collins, Colorado, na ikapita miaka kama kumi hivi ndipo daktari wa wanyama Elizabeth Williams akatazama ubongo wao kwenye darubini na kuona matundu kama ya sifongo. Mwaka 1981 ukapatikana kwa elki, jamaa mkubwa wa kulungu, wa porini, Colorado hukohuko. Mwaka 2002 Wisconsin ikatangaza visa vyake, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba ugonjwa umevuka mto Mississippi kuelekea mashariki. Leo umeshapatikana katika majimbo zaidi ya 30 ya Marekani na katika majimbo kadhaa ya Kanada. Norwei iliuona kwa kulungu wa aktiki mwaka 2016 na ikaamua kuua kundi zima la Nordfjella, karibu wanyama 2,000.

Kinachouleta si bakteria wala virusi. Ni prioni, yaani protini iliyojikunja vibaya ambayo huzifanya protini za kawaida zijikunje vilevile. Ni jamaa wa kichaa cha ng'ombe. Mwanasayansi Stanley Prusiner, aliyeisimamia hoja hiyo wakati wengi wakiicheka, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Hakuna chanjo, hakuna dawa, na kuchemsha hakuiui kwa sababu hakuna kilicho hai cha kuuawa. Prioni hutoka kwenye mate, mkojo na kinyesi, hukaa kwenye udongo kwa miaka, na hugandamana na chembe za mfinyanzi. Watafiti wa Wisconsin walionyesha mwaka 2007 kwamba prioni iliyoshikana na udongo wa aina hiyo huambukiza kwa njia ya mdomo vizuri kuliko ikiwa peke yake. Yaani mnyama kula udongo ndiyo njia ambayo ugonjwa ungeichagua kama ungekuwa na akili.

Hili limepimwa pia kwenye sehemu zenyewe. Utafiti uliochapishwa 2018 ulichukua udongo na maji kwenye sehemu 11 za kulambia kusini-kati mwa Wisconsin, eneo ambalo ugonjwa umeota mizizi. Prioni zilikutwa kwenye 9. Kuzikuta udongoni si sawa na kuonyesha kwamba kulungu fulani aliambukizwa pale, na mtu akinikumbusha hivyo nakubali. Lakini ukishajua hivyo, unataka ushahidi gani zaidi kabla ya kuacha kitu ambacho hata faida yake haijaonekana?

Jibu ninalolisikia mara nyingi zaidi ni hili: "Huku kwetu haupo." Hapa ndipo ninapobishana na watu mpaka chai inapoa. Kulungu aliyeambukizwa huonekana mzima kabisa kwa mwaka mmoja na nusu, miwili au zaidi, na katika muda huo tayari anatoa prioni. Kaunti haijui kuwa imeingiliwa mpaka sampuli moja irudi na jibu baya, na sampuli hiyo inategemea wawindaji wangapi wamepeleka vichwa vya kulungu wao vikapimwe. Kwa hiyo "haupo" maana yake halisi ni "haujapatikana." Na sheria huja nyuma. Kwa Wisconsin, marufuku ya kulisha kulungu, chumvi na madini yakiwemo, huja baada ya ugonjwa kupatikana ndani ya kaunti au kwenye umbali wa maili 10 kutoka mpaka wake. Siku tangazo linapotoka unaweza kuliokota jiwe lako. Chumvi iliyokwisha kuingia ardhini huiokoti. Kulungu ataendelea kuchimba hapo, na wewe umeshamjengea mazoea. Ndiyo maana naona eneo ambalo bado ni safi ndilo lenye sababu kubwa zaidi ya kutoanza. Kule ambako asilimia kubwa ya madume wanaopimwa wana ugonjwa, jiwe moja linaongeza kidogo juu ya rundo. Kwenu linaweza kuwa ndilo la kwanza.

Hoja nzito zaidi ni ya wale wanaosema kulungu wanalambana wenyewe kwa wenyewe, wanashiriki tawi moja la kuachia harufu msimu wa kupandana, wanakula shamba moja la mahindi. Jiwe langu litaongeza nini? Ni kweli, na hakuna atakayezuia hayo. Lakini majike hulambana zaidi ndani ya ukoo wao. Sehemu ya chumvi inaleta koo mbalimbali kwenye eneo lisilozidi meza, tena kwa miezi, tena kwa miaka. Shamba la mahindi ni la ekari nyingi, na hakuna anayekula udongo wake. Michigan walijifunza jambo linalofanana na hili kupitia kifua kikuu cha ng'ombe: kaskazini-mashariki mwa rasi ya kusini, ugonjwa ambao wengi waliamini hauwezi kudumu kwa kulungu wa porini ulionekana umejikita kuanzia katikati ya miaka ya 1990, na marundo ya chakula cha kuwavutia yalitajwa miongoni mwa sababu kuu.

(Kuna watu wanachanganya CWD na ugonjwa wa kutokwa damu, ule wa EHD, unaoua kulungu wengi mwishoni mwa kiangazi na kuwaacha wamelala kando ya maji. Huo unaletwa na visubi wanaouma. Chumvi haihusiki, tusiisingizie.)

Ukiwa tayari unayo sehemu ya kulambia, usiongeze chumvi tena. Usiuchimbe udongo ule ukaupeleka kwingine, utakuwa umehamisha tatizo. Mimi ningepaziba: mawe shimoni, udongo safi juu, kisha matawi mazito au waya wa uzio kuzunguka, na kuangalia tena mwakani maana watajaribu kufukua. Kamera ihamishie kwenye vichochoro vyao, pale njia mbili zinapokutana au wanapovukia kijito. Picha zitakuwa chache, na nyingine zitakuwa za mkia tu, lakini zitakuonyesha wanakopita Novemba, jambo ambalo picha za Julai kwenye chumvi haziwezi, kwa kuwa vuli ikifika hamu ya chumvi hupungua na madume huhama.

Nguvu iliyobaki ipeleke kwenye msumeno. Angusha miti michache isiyo na thamani, jua lifike chini, na vichaka vitakavyoota vitampa kulungu kalisi, fosforasi na maficho kwenye eneo pana, bila kumlazimisha aingize pua kwenye shimo la mwenzake. Kazi hii ni ngumu kuliko kumwaga mfuko, nakubali, na haina picha nzuri ya kutuma.

Na ukimpata wako msimu ukifika, mabaki yake yasisafiri hadi kaunti nyingine, na kichwa kipeleke kikapimwe. Hadi sasa hakuna mtu aliyethibitishwa kuambukizwa CWD, lakini CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inashauri nyama ya mnyama aliyekutwa nayo isiliwe. Kwa hiyo nyama iandike tarehe, ikae kwenye friza, na usiigawe kwa jirani wala shemeji mpaka jibu lirudi.