Jimmy Smith hakuhitaji wageni, ila aliwakaribisha vizuri

Kama umewahi kuusikiliza wimbo wa Michael Jackson wa mwaka 1987, Bad, basi umeshamsikia Jimmy Smith, mpiga kinanda wa jazz wa Marekani, hata kama jina lake hulijui. Kile kinanda kinachochomoza katikati ya wimbo, kikapiga solo fupi ya kichokozi na kutoweka, ni cha kwake. Na waliokulia hip hop ya miaka ya 1990 wamemsikia kwa Beastie Boys, waliokata kipande cha rekodi yake ya 1972, Root Down, wakajengea wimbo wao juu yake. Kwa hiyo huyu ni mtu ambaye wengi tumempokea kama mgeni kwenye nyimbo za watu wengine. Mimi leo nataka kumzungumzia akiwa mwenyeji.

Albamu inaitwa Dot Com Blues, ilitoka Januari 2001. Jina lenyewe lilichacha kabla halijafika dukani: hisa za kampuni za intaneti kule Marekani zilikuwa zinaporomoka tangu Machi 2000, na vijana waliokuwa wakitamba na tovuti zao walishaanza kufunga ofisi. Lakini tusimhukumu mzee kwa kichwa cha habari. Ndani mna nyimbo 11. Walialikwa watu watano: B.B. King, Etta James, Dr. John, Taj Mahal na Keb' Mo'. Kila mmoja alipewa wimbo mmoja. Sita zilizobaki ni za mwenyewe na kikosi chake.

Hesabu hiyo ndiyo inayonifanya niitetee albamu hii mbele ya wapenzi wa jazz wanaoibeza. Hoja yao naijua: kwamba ilikuwa biashara. Na kweli ilikuwa biashara. John Lee Hooker alishaonyesha njia mwaka 1989 na The Healer, ambamo Carlos Santana na Bonnie Raitt walimsindikiza, na mzee aliyekuwa amesahauliwa na maduka akarudi kwenye chati. Miaka kumi baadaye Santana naye akafanya vilevile na Supernatural, akaondoka na rundo la tuzo za Grammy. Baada ya hapo kila kampuni ya rekodi iliyokuwa na mkongwe kwenye orodha yake ilianza kutafuta namba za simu za watu maarufu. Sisi wa kizazi cha kolabo tunaujua mchezo huu vizuri: beti inarekodiwa mji mwingine, faili linatumwa, linabandikwa katikati ya wimbo, jina linaongezwa kwenye kava, basi. Mara nyingi mwenye wimbo na mgeni wake hawajawahi kukaa chumba kimoja.

Ila tazama walioalikwa hapa. Hakuna nyota wa pop hata mmoja. Wote watano ni watu wa blues, muziki wa huzuni wa Wamarekani Weusi, au wa kijiji cha jirani na blues. Mtayarishaji alikuwa Mwingereza John Porter, ambaye alishafanya kazi na Buddy Guy mwaka 1991, akatengeneza albamu ya kwanza ya Keb' Mo' mwaka 1994 kwa jina hilo la kisanii, halafu Señor Blues ya Taj Mahal na Deuces Wild ya B.B. King, zote mbili za 1997. Deuces Wild nayo ni albamu ya wageni mwanzo hadi mwisho. Wageni wa Jimmy Smith, kwa sehemu kubwa, walikuwa wateja wa zamani wa Porter. Hilo halinisumbui. Mtu anayejua sauti ya kila mmoja kwa miaka ndiye anayefaa kuamua nani aimbe nini.

Sasa nirudi kwa kinanda, maana bila kukielewa hutaona alichokifanya.

Hammond B-3, ogani ya umeme aliyoipiga Smith, ni fanicha. Ukijumlisha pedali na benchi inakaribia kilo 190. Ndani yake magurudumu madogo 91 ya chuma yanazunguka mbele ya sumaku, na humo ndimo sauti inamozaliwa. Laurens Hammond, aliyekuwa akitengeneza saa za umeme, aliizindua aina ya kwanza mwaka 1935 akiwalenga watu wa makanisa wasio na fedha za kununua kinanda cha mabomba. Makanisa ya Wamarekani Weusi yaliinunua kwa wingi, na kutoka kanisani ikaingia baa. Mafundi wa kiwanda walikuwa na kero moja: kila ukibonyeza kitufe inasikika "tiki" kidogo. Walihesabu hiyo ni kasoro ya mashine. Wapigaji wa jazz waliipenda, kwa sababu iliwapa mdundo kwenye ncha za vidole.

Kuna jambo jingine ambalo wapiga piano huchelewa kulizoea. Piano ukiigonga kwa nguvu inalia kwa nguvu, halafu sauti inafifia yenyewe. Hammond haijali umebonyeza kwa hasira au kwa upole. Ukubwa wa sauti unauamua kwa mguu wa kulia, na sauti haikatiki mpaka uinue kidole. Spika yake, Leslie, ina tarumbeta inayozunguka ndani ya kabati, polepole au kwa kasi, na ndiyo inayoleta ule mtetemo unaofanana na mtu anayelia. Kwa hiyo mpigaji anaweza kushikilia kodi moja (chord, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja) nyuma ya mwimbaji muda wote wa ubeti, akaikuza taratibu kwa unyayo, kama waumini wanaoguna nyuma ya mhubiri. Chombo hiki kilizaliwa kusindikiza.

Jimmy Smith alijipatia jina kwa kukataa hilo. Mzaliwa wa Norristown, Pennsylvania, alisoma besi na piano Philadelphia baada ya kutoka jeshi la wanamaji, akamsikia Wild Bill Davis akipiga Hammond, akajinunulia yake na kujifungia nayo ghalani. Alichora ramani ya pedali akaibandika ukutani ili asiwe anatazama miguu. Mwaka 1956 Alfred Lion wa kampuni ya rekodi ya Blue Note alimsikia kwenye klabu ya Small's Paradise, Harlem, New York, na baada ya hapo rekodi zikamiminika. Mkono wa kushoto na mguu vikafanya kazi ya besi, mkono wa kulia ukakimbia kama saksafoni ya Charlie Parker. Alikuwa mtu wa kutamba. Msikilize kwenye The Sermon!, dakika 20 za blues moja tu, au kwenye Back at the Chicken Shack iliyorekodiwa Aprili 1960 na Stanley Turrentine, Kenny Burrell na Donald Bailey. Hakuna mpiga besi pale. Besi ni yeye.

Mtu wa namna hiyo, akiwa na zaidi ya miaka 70, anaitwa studio kusindikiza waimbaji. Ungetegemea vita.

Haikutokea vita. Wimbo unaofungua albamu ni wa Dr. John, na hapo palikuwa na hatari ya pekee kwa sababu Dr. John mwenyewe ni mtu wa vinanda. Alianza na gitaa kule New Orleans, kidole kikapigwa risasi mwanzoni mwa miaka ya 1960, akahamia kwenye ogani na piano. Watu wawili wa vinanda kwenye wimbo mmoja kwa kawaida hujazana kama abiria wa daladala. Hawa hawakugongana. Dr. John analeta lafudhi yake ya New Orleans na dhihaka yake, Smith anakaa pembeni akichokoza maneno kwa vipande vifupi.

Etta James aliimba I Just Want to Make Love to You ya Willie Dixon kwa mara ya kwanza akiwa msichana, kwenye At Last! ya 1960, na wengi tunaukumbuka kwa fujo ile ya vyombo vya upepo. Kuurudia miaka 40 baadaye ni kujitafutia kulinganishwa na ujana wako mwenyewe. Kwa masikio yangu amefaulu, kwa sababu hakujaribu kuwa yule msichana. Sauti imeshuka, imekuwa nzito, na ogani chini yake inampa pa kukanyagia.

Lakini pa kukaa na kusikiliza mara mbili ni Three O'Clock Blues. Wimbo huu wa Lowell Fulson ndio uliompa B.B. King namba moja yake ya kwanza kwenye chati za R&B, mwaka 1952, na tangu hapo aliupiga jukwaani katika maisha yake yote. Tatizo ni kwamba B.B. King tayari ana mtu wa kumjibu. Anaimba mstari, ananyamaza, gitaa lake linaitikia. Hakuwa mtu wa kuimba na kupiga kwa wakati mmoja. Mwito na mwitikio vimekamilika ndani ya mtu mmoja. Mpiga kinanda aingilie wapi? Smith angeweza kujaza kila mwanya, mikono ya kufanya hivyo alikuwa nayo. Badala yake anatandika kodi ndefu chini ya mazungumzo ya watu wawili, sauti na gitaa, anaivuta juu kidogo ubeti unapopanda, anaishusha. Zamu yake ikifika anapiga, na anapiga kweli. Hapo nilielewa kwamba mtu huyu alikuwa anajua kusindikiza siku zote, ila hakuna aliyemwomba.

Keb' Mo' nitampita haraka. Wimbo wake ni mzuri, laini, unafaa redio ya Jumapili asubuhi. Hauniachii kitu.

Lawama yangu kubwa haiko kwa wageni hata kidogo, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoibeza albamu hii. Iko kwa besi. Waliweka mpiga besi, Reggie McBride, mwanamuziki safi asiye na kosa lolote. Ila ukimpa Jimmy Smith mpiga besi umemnyang'anya nusu ya kinanda. Ule msukumo wa Chicken Shack ulitoka kwenye ukweli kwamba kichwa kimoja kiliamua besi iende wapi na solo iende wapi kwa wakati uleule. Besi ilichelewa kidogo pale alipotaka, ikasukuma pale alipotaka. Ukileta mtu wa pili, mnakubaliana, na makubaliano yana adabu. Nadhani Porter alitaka uzito wa chini unaoeleweka kwenye redio, waimbaji wakiwa mbele na dramu za Harvey Mason nyuma. Namwelewa. Bado ningelipa zaidi kuusikia wimbo hata mmoja wa Etta James na Smith akiwa peke yake miguuni.

Ndiyo maana ninazirudia zile sita zisizo na wageni kuliko tano zenye majina. Mood Indigo ya Duke Ellington, iliyozaliwa 1930, inachezwa kwa mwendo wa mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Gitaa kwenye kikosi ni la Russell Malone, kijana wa Georgia ambaye Smith alimchukua kwenye bendi yake mwaka 1988 akiwa bado anatafuta jina. Hapa amerudi akiwa fundi kamili. Wawili hao wanazungumza kwa nusu sentensi, na hakuna jina la kavani linaloweza kununua kitu hicho.

Kuhusu Taj Mahal nina upendeleo, nakiri, kwa sababu ya yaliyofuata. Kwenye Strut anaimba kwa sauti ile yenye mchanga na anaonekana kufurahi kuliko wageni wote. Mwaka 2005 jina lake likatoka tena kwenye albamu ya kukutana, safari hii na Culture Musical Club ya Zanzibar, ikiitwa Mkutano, na Bi Kidude yumo. Sikiliza blues ya Mississippi ikipita katikati ya kanuni, fidla na akodiani za taarab, halafu mlinganishe Taj Mahal huyo na yule wa Dot Com Blues. Tabia ni ileile: anakaa pale alipooneshwa kiti, anakula kilichopikwa. Kwenye Mkutano mimi naona wenyeji ndio waliobeba kazi, wala yeye hakuonyesha kusumbuliwa na hilo.

Jimmy Smith alifariki Februari 2005. Kabla ya hapo alirekodi albamu moja ya mwisho, Legacy, na Joey DeFrancesco, kijana wa Philadelphia aliyejifunza kwa kusikiliza rekodi zake. Wengi huitaja hiyo kama pa kumuaga mzee. Mimi ninaipenda kidogo tu; vinanda viwili kwa albamu nzima vinanichosha. Ukitaka kumjua Smith, anza na Chicken Shack. Ukishaizoea besi ya mguu ule, ndipo uweke Three O'Clock Blues, na usimfuatilie B.B. King. Fuatilia kilicho chini yake.