Rafu ya Frankofoni: ibomolewe au ibaki?

Ahmadou Kourouma wa Kodivaa alipomaliza riwaya yake ya kwanza, wachapishaji wa Ufaransa waliikataa. Kifaransa chake hakikuwakaa masikioni. Sentensi zilitembea mwendo wa Kimalinke, lugha ya kwao, na maneno ya kila siku ya Kifaransa yalibebeshwa maana ambazo kamusi za Paris hazikuwa nazo. Muswada ukavuka bahari hadi Montréal, ukapewa tuzo na jarida la kitaaluma la huko, na mwaka 1968 ukachapishwa na chuo kikuu cha mji huo kwa jina Les Soleils des indépendances. Hata hivyo ulikatwa kwanza: mwandishi aliombwa aondoe sehemu ya mwisho, iliyozishambulia siasa za nchi yake bila kuficha. Mwaka 1970 kampuni ya Seuil ya Paris ikakitoa upya kitabu kilekile ambacho Paris ilikuwa haikitaki.

Basi kitabu hicho tukiweke rafu gani: ya fasihi ya Ufaransa, au ile ya Frankofoni, jina wanalopewa watumiaji wa Kifaransa, hasa walio nje ya Ufaransa? Kina lugha ya Kifaransa, mwandishi wa Kodivaa, pumzi ya Kimalinke na mhuri wa Kanada. Wataalamu wamegombana juu ya swali hili kwa miongo kadhaa, na anayedhani ni ugomvi wa wakutubi tu ajue kuwa ndani yake mna kazi za watu, mitaala na tuzo.

Neno Frankofoni lina asili yake. Mwanajiografia Mfaransa Onésime Reclus ndiye aliyetumia "francophonie" mwaka 1880, akiwahesabu watu wa dunia kwa lugha yao badala ya rangi yao. Lilionekana wazo la kiungwana, ila hesabu hiyo ilikuwa ya mtu aliyetaka himaya ya nchi yake ipanuke. Wanaolichukia neno hilo hawajasahau.

Wanaoitetea rafu ya peke yake wana hoja ambayo vijana wa leo huipita haraka. Mwaka 1961, Brussels, Lilyan Kesteloot, Mbelgiji aliyekulia Kongo, alitetea tasnifu juu ya waandishi weusi wanaoandika kwa Kifaransa. Aliwasoma washairi Senghor, Césaire na Damas kama harakati moja yenye historia na hoja zake, wakati ilikuwa rahisi kuwachukulia kama vipaji vitatu vilivyodondoka Paris kwa bahati. Ili harakati ionekane, mtu lazima aitenge kwanza. Vyuo vya Marekani vilifuata njia hiyo kwa namna yao, idara nyingi zikajiita za "masomo ya Kifaransa na Frankofoni", na chini ya jina hilo walimu wakaajiriwa na vitabu vikasomwa. Bila mlango huo, mwanafunzi angesoma Wafaransa Racine, Balzac na Proust, akahitimu, akaondoka bila kujua kwamba Dakar kuna mtu anaandika.

Lakini liangalie hilo "na". Kama Frankofoni ni wote wanaotumia Kifaransa, Wafaransa wangekuwa ndani yake. Kiunganishi hicho kidogo kinakiri kwamba wao ndio wenye nyumba na wengine wanakaa uani. Samuel Beckett alitoka Ireland, Ionesco alitoka Romania, wote wawili waliandika kwa Kifaransa, na wamewekwa sebuleni bila mtu kuuliza. Aimé Césaire alizaliwa Martinique, raia wa Ufaransa, akawa mbunge katika bunge la Paris tangu 1945 hadi 1993, naye husomwa uani. Kwa hiyo uraia sicho kinachopima hapa, wala lugha. Msomaji anaweza kukitaja mwenyewe.

Hasira hiyo ilitoka hadharani Machi 2007, waandishi 44 walipotia saini tamko katika gazeti la Le Monde. Walikuwemo Maryse Condé wa Guadeloupe, Édouard Glissant wa Martinique, Tahar Ben Jelloun wa Moroko na Alain Mabanckou wa Kongo-Brazzaville, pamoja na Mfaransa Le Clézio, ambaye mwaka uliofuata alipata Nobeli. Walianzia kwenye msimu wa tuzo za fasihi za Ufaransa wa 2006: Goncourt ilikwenda kwa Mmarekani Jonathan Littell, Renaudot kwa Mabanckou, Femina kwa Nancy Huston, mzaliwa wa Kanada. Kitovu sasa kiko kila mahali, wakasema. Frankofoni imekwisha, imezaliwa "fasihi-dunia kwa Kifaransa". Abdou Diouf, rais wa zamani wa Senegal aliyekuwa akiongoza shirika la Frankofoni, aliwajibu siku chache baadaye katika gazeti hilohilo kwamba wanachanganya mambo mawili: jumuiya ya wenye lugha, na tabia ya Ufaransa kujiweka katikati.

Mimi nawapa waandishi haki juu ya kidonda, siyo juu ya dawa. Tuzo hizo tatu hutolewa Paris. Gazeti ni la Paris. Kitabu cha insha kilichofuata kilitolewa na kampuni ya Gallimard, nako ni Paris. Mazishi ya kitovu yalifanyika kitovuni, na wenye nyumba wakapiga makofi. Na ukishasema wote ni fasihi-dunia, Goncourt ikaenda kwa Mfaransa miaka kumi mfululizo, utalalamika kwa jina gani?

Mhakiki Mfaransa Pascale Casanova alikuwa ameliona hilo mapema, katika utafiti wake wa 1999. Kwake fasihi ya dunia ni soko lenye mji mkuu, na Paris ni kama Greenwich: saa ya wengine wote hupimwa kutoka hapo, awe mwandishi anayejipendekeza au anayeasi. Kisa cha Kourouma kinamkubali karibu neno kwa neno. Tatizo la Casanova ni kuwa naye amevaa saa hiyohiyo. Boubacar Boris Diop wa Senegal alitoa riwaya ya Kiwolofu mwaka 2003. Toleo la Kifaransa, alilolitafsiri mwenyewe, lilikuja 2009. Kwa saa ya Greenwich, miaka sita ile riwaya haikuwepo. Kwa wasomaji wa Kiwolofu ilikuwepo.

Wapo watakaosema mambo yamebadilika, na kwa kiasi ni kweli. Mwaka 2021 Mohamed Mbougar Sarr wa Senegal alishinda Goncourt kwa riwaya iliyochapishwa na Philippe Rey wa Paris pamoja na Jimsaan, nyumba ya Senegal. Nyuma ya hadithi yake kuna kivuli cha Yambo Ouologuem wa Mali, aliyepata Renaudot mwaka uleule wa 1968, kisha akaandamwa kwa wizi wa maandishi mapema miaka ya 1970, akarudi Mali na kunyamaza. Waliokisoma kitabu cha Ouologuem kama sauti halisi ya Afrika walijiona wametapeliwa walipokuta vipande vya waandishi wa Ulaya ndani yake. Wachache waliuliza kama kushona viraka hivyo ilikuwa ufundi. Hapo rafu ya peke yake ilifanya madhara makubwa, kwa sababu ilimtaka mwandishi awe shahidi wa kijiji chake na si fundi.

Pamoja na hayo, nisingeibomoa. Ningeipanga upya kwa miji. Chukua Lubumbashi, mji wa Katanga, kusini mwa Kongo-Kinshasa. Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa huko mwaka 1981, aliandika riwaya Tram 83 kwa Kifaransa, ikatoka Paris mwaka 2014, na mwenyewe anaishi Graz, Austria. Anayemsoma kwa Kifaransa peke yake anasoma mji ambao mitaani unaongea Kiswahili. Mwaka 1965, mji ukiitwa bado Elisabethville, André Yav aliandika kwa niaba ya waliokuwa maboi wa Wazungu historia ya mji wao, kuanzia ukoloni ulipoingia. Jina la kazi hiyo ni la Kifaransa. Ndani ni Kiswahili cha Katanga, kilichopigwa chapa ya mashine bila kumuuliza mtu yeyote Paris wala Dar es Salaam.

Nasema Dar es Salaam makusudi. Sisi tunaowacheka Wafaransa kwa "na" yao, tunayo yetu. Fasihi ya Kiswahili tuliyofundishwa shuleni ilikuwa ya Sanifu, ya pwani na bara yake. Mkongo mwenye Kiswahili chake hakuonekana ndani. Idara ya Kifaransa inamwacha Yav kwa kuwa hakuandika Kifaransa, na ya Kiswahili inamwacha kwa kuwa hakuandika Kiswahili kile. Aliyekuja kuichapisha kazi yake kama kitabu, mwaka 1990, ni Johannes Fabian, mwanaanthropolojia.