Majivuno Yaliyovaa Unyenyekevu

Kesi ya nyumbani ikifika kwenye kikao cha ukoo au kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji hapa Uganda, iwe Bombo au Arua, anayepaza sauti ndiye huonekana mkorofi. Mwenye unarsisi uliojificha, yaani kujiona bora kuliko wengine chini ya sura ya upole, huinamisha kichwa tu, na anayeishi naye huambiwa avumilie.

Wanaolikataa jina hili wana hoja. DSM-5, mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili wa 2013, hauutaji kuwa ugonjwa wa peke yake; una ugonjwa mmoja wa haiba ya kinarsisi wenye dalili 9, na sharti zionekane 5. Tena mwenye sonona au haya nyingi naye hujitenga na kuumizwa na neno dogo. Kumbandika jina hilo ni kumdhulumu.

Hata hivyo, mwaka 1991 mwanasaikolojia Paul Wink alionyesha kwamba unarsisi una nyuso mbili, moja ya kujitutumua na nyingine ya wasiwasi na kuumia upesi. Zote mbili zina majivuno na kutojali wengine.

La kuangalia ni yanayofuata baada ya mtu huyo kulalamikiwa. Mke anasema, "Baba Asha, ile ada ya watoto uliyompa ndugu yako, ungeniambia kwanza." Mume hagombi. Ananyamaza siku tatu, anasusa chakula, kisha majirani wanasikia kwamba hathaminiwi nyumbani kwake. Mwishowe mke ndiye anayeomba msamaha, na habari ya ada haikuguswa kabisa! Mara moja, hiyo ni hasira. Ikijirudia miaka, nyumbani na kwenye SACCO, daima mkosewa ni yeye, hiyo ni tabia. Mwenye sonona mara nyingi hujilaumu kupita kiasi. Mwenye unarsisi huu hugeuza maumivu yako kuwa kosa ulilomtendea.

Kwa hiyo anayeumia aandike: tarehe, alichoomba, alichojibiwa, nani aliomba radhi. Kikaoni asitaje unarsisi, maana kesi itageuka kuwa ya matusi. Ashikilie swali moja: ada iko wapi, na italipwa lini? Kupima ugonjwa ni kazi ya wataalamu, kama wa hospitali ya magonjwa ya akili ya Butabika. Lakini watoto wakifukuzwa shule kwa ada, wazee wasingoje vipimo ndipo waamue.