Nauli nimelipa, faini nimepigwa

Katika wiki zangu tatu za mwanzo hapa Berlin, kilichonikera kuliko baridi na lugha ni tiketi ya treni. Stesheni za chini ya ardhi hazina mageti, kwa hiyo mgeni hushuka ngazi, hununua tiketi yake kwenye mashine na kupanda treni akiamini kwamba amemaliza wajibu wake, kumbe tiketi hiyo si halali mpaka igongwe muhuri kwenye kisanduku kidogo kilichosimama pembeni, ambacho mtu mwenye haraka hukipita bila kukiona.

Wakaguzi nao, baadhi yao, huvaa nguo za kiraia. Aliyenifikia mimi alitoa kitambulisho mara tu milango ilipofungwa, akaigeuza tiketi yangu, akanionyesha kwa ukucha sehemu iliyobaki nyeupe, kisha akaniandikia faini ya euro 60. Nimekulia kwenye daladala, ambako konda huchakarisha sarafu na kukudai nauli uso kwa uso, na aliyelipa amelipa. Inaniuma sana kuhesabiwa pamoja na wakwepa nauli ilhali risiti ya mashine ninayo mkononi.

Hata ukishazoea muhuri, kuna kanda za nauli: tiketi ya kanda A na B haikufikishi kwenye uwanja wa ndege uliofunguliwa mwaka 2020, kwani uko kanda C. Mashine inayojua kunihesabia chenji ingeshindwaje kunigongea muhuri huo palepale, au angalau kuniambia mahali pa kuugonga?