Jina la Denman halikuanza 2019

Wahariri, mmeandika kwamba wanasayansi waligundua korongo la nchi kavu lenye kina kuliko yote duniani chini ya barafu ya Antaktika mwaka 2019 na kuliita Denman. Ugunduzi sawa, lakini jina lina zaidi ya miaka 100. Kundi la magharibi la msafara wa mpelelezi Douglas Mawson kwenda Antaktika, likiongozwa na Frank Wild, liliufikia mto wa barafu ulio juu ya korongo hilo Novemba 1912, na ukaitwa hivyo kwa heshima ya Lord Denman, Gavana Mkuu wa Australia aliyekuwa mlezi wa msafara. Wao waliona barafu iliyopasukapasuka tu, basi. Korongo limerithi jina la barafu iliyolifunika. Sakafu yake iko zaidi ya mita 3,500 chini ya usawa wa bahari, ilhali ufuo wa Bahari ya Chumvi, nchi kavu ya chini kuliko zote isiyofunikwa na barafu, ni kama mita 430 tu! Ninachokipenda zaidi ni namna lilivyopatikana. Rada za ndege zilishindwa kuiona sakafu, ndipo mwanasayansi wa barafu Mathieu Morlighem na wenzake wakapiga hesabu: barafu inayoingia lazima itoke. Anayemwagilia shamba kwa mfereji anaijua hesabu hii. Maji mengi yakipita penye wembamba, na juu yanakwenda taratibu, ujue chini kuna shimo. Hilo mngelieleza, kuliko kurudia neno "maajabu" mara tatu. Wasomaji wenzangu, mnaonaje: korongo libaki na jina la gavana, au lipewe lake lenyewe?