Mondo Si Mnyama wa Hifadhi

Huku Bweyale, Uganda, mnyama akionekana shambani, askari wa UWA, mamlaka ya wanyamapori ya nchi, hupigiwa simu na ujumbe huwa uleule: njooni mchukue mnyama wenu. Kwa tembo nawaelewa majirani zangu. Tembo akitoka hifadhi ya Murchison Falls, usiku mmoja unatosha kumaliza mihogo ya mwaka mzima. Lakini simu hiyohiyo hupigwa kwa ajili ya kanu, yule mdogo mwembamba kama paka, aliyeiba kuku, fungo aliyeonwa na mwenye bodaboda, au mondo, paka mwitu mwenye madoa, aliyekatiza kwenye mahindi. Hao hawakutoroka popote. Wamezaliwa hapahapa, kwenye kichaka cha nyuma ya alizeti, na wengi wao hawatakanyaga hifadhi maisha yao yote.

Na kwa nini wasikae? Mahindi yakishavunwa, punje zilizodondoka na mabua yaliyolala chini huita panya, na panya humwita mondo. Nenda jioni kwenye ukingo wa shamba linalopakana na kijito, ukae kimya. Ukibahatika utamwona amesimama kwenye nyasi ndefu, miguu mirefu, masikio makubwa yamegeuzwa chini. Haangalii, anasikiliza. Kisha anaruka juu na kumwangukia panya kwa miguu ya mbele. Chakula chake kikubwa ni hicho, panya na jamaa zao wadogo. Tatizo lake ni madoa. Mtu mmoja akipiga kelele "chui!", kijiji kizima hutoka na mikuki na mbwa, na hakuna anayesimama kutazama ule mkia mfupi wenye pete, wakati mkia wa chui ni mrefu hasa.

Fungo naye ana kesi ya kuonewa. Anakula karibu kila kitu: panya, wadudu, matunda yaliyoanguka, hata jongoo ambao wanyama wengi hawawagusi. Ana desturi ya kujisaidia mahali palepale kila mara, na ukipakuta utaona kinyesi kimejaa mbegu. Miche mingine ya mapera inayoota mahali ambapo hakuna aliyepanda huenda ni kazi yake.

Kuku ni jambo lingine. Nami nimeliwa kuku, sitajifanya mtakatifu. Ila tazameni mabanda yetu: mabati chakavu, ubao uliopinda, mlango unaofungwa kwa kamba. Kanu ni mwembamba kupita mnavyodhani. Kichwa kikipita, mwili wote umepita. Na kuku wanaolala juu ya mwembe hawako salama, maana kanu hupanda miti vizuri. Mama mmoja jirani yangu amepigilia wavu wa waya wenye matundu madogo mpaka chini ya udongo, na mlangoni anaegemeza jiwe. Analala usingizi. Mayai ya mchana, hapo mshitaki nguchiro: hulikamata yai kwa miguu ya mbele na kulirusha nyuma kati ya miguu yake ligonge jiwe lipasuke. Ujanja huo huwa unanichekesha hata yai likiwa langu.

Kinachoniudhi kweli ni sumu. Sumu nyingi za panya haziui papo hapo. Panya aliyekula hutembea siku kadhaa akilegea, na aliyelegea ndiye rahisi kukamatwa na kanu au bundi. Kwa hiyo tunawaua wawindaji pamoja na windo. Panya shamba anaweza kuzaa watoto zaidi ya kumi kwa mkupuo mmoja. Mondo huzaa wawili au watatu. Nani atarudi shambani kwanza, mnadhani? Sumu ya kuweka kwenye mzoga ni mbaya zaidi. Mwaka 2018, karibu na kijiji cha Hamukungu ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, simba 11 walikufa kwa sumu, na wanane kati yao walikuwa watoto.

Kwa mfugaji wa Kiruhura, kando ya Ziwa Mburo, sina ubavu wa kuhubiri. Kule chui hujificha mchana kwenye vilima vya mawe na vichaka vya miiba ndani ya ranchi zenyewe, na fisi hupita usiku kutafuta mizoga, na akikosa mzoga hujaribu zizi. Ndama ni ada ya shule ya mtoto wa mtu. Sheria ya wanyamapori ya 2019 iliweka mpango wa fidia, na ni jambo jema, lakini fidia inayosubiri fomu, picha na mihuri haimzuii mtu mwenye hasira kununua sumu leo jioni. Ikilipwa haraka, chui atapona. Ikichelewa, hapana. Sioni njia ya katikati.

Kwetu huku dawa ni nafuu zaidi. Siku hizi trekta za kukodi hulima mpaka kwenye maji, na ule ukanda wa nyasi za kando ya kijito unakwisha. Msimu huu nimemwambia kijana anayenilimia auache, na asichome mabua.

"Mzee, na nyoka je?" akaniuliza.

Nyoka wapo, nikamwambia, na nguchiro wanaowala wanakaa humohumo.